Uso wa Priscilla

Bomeni, Taveta
21 Machi 1976

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, na Wakesho amepona kikohozi. Ninyi huko mlimani hamjambo? Mguu wa Baba unaendeleaje? Nasikia Mbololo mvua imeanza. Huku tunaona mawingu tu, yanapita juu yetu yakielekea kwenu.

Mama, nyumba nimeikuta kama dada alivyoiacha. Nilidhani baada ya mazishi shemeji Danson angegawa nguo zake, lakini hata leso ya kichwa bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Shemeji hutoka kazini kwake reli jioni, anakula, kisha anakaa akiitazama ile picha yao ya harusi mpaka giza liingie. Hajanikosea heshima. Nalala na mtoto chumba cha nyuma, kama wazee walivyokubaliana, mpaka siku ya harusi yetu.

Wakesho bado hajaniita jina lolote. Ananitazama tu. Jana nikimwogesha aliniuliza, "Mama amemaliza kulala?" Nikamwagia maji kichwani ili asione macho yangu.

Ulisema niende nikashike nyumba ya dada yangu, mtoto asilelewe na mgeni. Najitahidi, Mama.

Kuna jambo dogo nataka kukuuliza. Kwenye meza ya kioo kuna mkebe wa mafuta ya uso aliyokuwa akipaka dada, umebaki nusu. Hauna jina wala karatasi. Hununuliwa sokoni Holili, ng'ambo ya mpaka. Shemeji amenipa mkononi akasema, "Priscilla aliyapenda sana haya. Usiyaache yaharibike." Sijui kama ni vizuri kupaka mafuta ya marehemu. Nishauri.

Ni mimi mwanao,
Jedidah


Mbololo
9 Aprili 1976

Mwanangu Jedidah,

Barua yako nimeletewa na katekista, nikaisoma shambani nikiwa nimesimama. Tunamshukuru Mungu kwa uzima wenu. Baba yako anatembea, ingawa kwa fimbo. Maharagwe tumepanda, panya wamekula nusu ya mbegu.

Kuhusu mafuta, paka. Kitu cha marehemu kikitumiwa na ndugu yake wa tumbo moja si mwiko. Tena nikwambie kama mama: unakumbuka Priscilla alivyokuwa akipita Voi, wenye maduka wanaacha kupima sukari. Mwanamume aliyezoea taa ndani hawezi kukaa gizani. Wewe una tabia njema kuliko wote, lakini tabia haionekani mlangoni.

Mtoto usimlazimishe kukuita mama. Mpikie kimanga cha mihogo na maharagwe, mama yake alikuwa akimpikia. Tumbo litamkumbusha ukoo wake.

Mama yako


Bomeni, Taveta
27 Juni 1976

Kwa Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Sisi wote hapa tunaendelea vizuri.

Mama, mafuta yale yana nguvu. Wiki chache tu uso wangu ukaanza kung'aa, na sasa nikijitazama kwenye kioo naona mtu mwingine. Siku ya soko mwanamke mmoja muuza ndizi aliniona, akaachia mkungu ukaanguka. Akasema, "Si ulikufa wewe?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakutaka pesa yangu.

Shemeji siku hizi anaongea. Ananisimulia habari za stesheni, anakula mpaka anaongezwa. Juzi aliniita, "Priscilla, nipe maji." Nikampa. Nilingoja ajirekebishe, hakujirekebisha. Jana ameleta mkebe mpya, na wa kwanza haujaisha. Ameniomba pia nivae ile gauni ya dada ya kijani tukienda kanisani.

Na Wakesho ameniita mama. Nilikuwa nachambua mchele, akaja akanishika shavu kwa mikono miwili, akasema, "Mama, umeamka." Nilifurahi, Mama. Halafu nikaogopa. Nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa huko mpaka nilipoweza kurudi.

Mwanao,
Jedidah


Mbololo
18 Julai 1976

Mwanangu,

Tumefurahi mno. Wazee wamekaa, harusi itakuwa Desemba, baada ya mavuno. Mchungaji amekubali.

Mimi sijambo, ila ndoto zinanichosha. Namwona dada yako amesimama mlangoni mwa jikoni, amenipa mgongo. Namwambia, "Geuka nikuone." Hageuki. Baba yako anasema ni njaa ya kufunga kwa maombi. Labda.

Endelea na mafuta yako, ufike Desemba ukiwa hivyo hivyo.

Mama yako


Bomeni, Taveta
5 Septemba 1976

Kwa Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sijambo kwa mwili, lakini uso wangu umeharibika.

Chunusi zimenitoka, Mama. Si moja wala mbili. Zilianza kidevuni, zikapanda mashavuni, sasa zimejaa kipaji chote na kifua pia. Ni nyekundu, zote za ukubwa mmoja, zimebanana kama punje kwenye gunzi. Ngozi imekuwa nyembamba, naona mishipa midogo kama nyuzi nyekundu. Nikitoka juani nawaka kama nimemwagiwa chai. Na nywele laini zimeota mashavuni. Wewe unajua, hata nilipokuwa shule, wenzangu wakiwa na chunusi, mimi sikuwa nazo.

Nilidhani ni uchafu, nikaongeza mafuta. Zikatulia siku mbili, zikarudi zaidi. Nikaacha kupaka, uso ukavimba na kuwasha hadi nikalia, nikapaka tena ndipo nikapata nafuu. Sasa nikiacha naungua, nikipaka naoza.

Jirani yetu Mama Wambua alinitazama kwa muda mrefu kwenye uzio. Akasema, "Mwenye uso wake anaudai. Umeingia nyumba yake, umevaa gauni yake, mtoto wake anakuita mama. Ungekuwa wewe, ungenyamaza kaburini?" Nilijifanya sikusikia.

Shemeji anakula amegeukia ukutani. Wakesho amerudi kunitazama tu. Leo alimuuliza baba yake, "Huyu amemweka wapi mama?"

Niombeeni.

Mwanao,
Jedidah


Mbololo
22 Septemba 1976

Jedidah mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Paka utomvu wa mshubiri asubuhi, na asali jioni. Usizitumbue kwa kucha.

Nitakuambia jambo, usimwambie mchungaji. Nilienda kaburini na baba yako. Nilipeleka maziwa kidogo katika kibuyu, nikamwaga. Nikasema, "Priscilla, mwache mdogo wako. Hakuja kukunyang'anya kitu, mimi ndiye niliyemtuma. Kama una hasira, njoo kwangu." Baba yako alivua kofia, akasimama tu. Hakukuwa na upepo, lakini majani ya ndizi yalikuwa yakitikisika. Tukarudi nyumbani.

Mshubiri usipofaa, mwone daktari.

Mama yako


Bomeni, Taveta
17 Oktoba 1976

Kwa Mama mpendwa,

Nawasalimu sana wewe na Baba. Tafadhali kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Mshubiri ulinichoma tu. Nikaenda zahanati, nimejifunika uso kwa leso. Kuna daktari kijana, Mtaita mwenzetu, anaitwa Crispus. Alinipeleka karibu na dirisha, akaniinua kidevu, akatazama bila kugusa. Akaniuliza umri, akauliza hedhi zangu, akauliza kama nilikuwa na chunusi nikiwa msichana. Nikamjibu yote. Ndipo akauliza, "Unapaka nini?"

Nikasema mafuta ya kawaida.

"Dada, hizi si chunusi za ujana," akasema. "Za ujana hutokea kwa zamu: moja changa, moja imeiva, nyingine imekauka, na katikati kuna vidoa vyeusi. Zako zimetoka zote pamoja kama zimepigiwa kengele. Hizi zimeletwa na dawa. Niletee hayo mafuta."

Nikarudi nyumbani, nikampelekea mkebe. Alinusa, akapaka kidogo kwenye kioo, akatazama kwenye mwanga. Akasema mafuta kama haya huwa yamechanganywa dawa kali ambayo madaktari hutoa kwa siku chache tu kwa ugonjwa wa ngozi. Ukiizoea, ngozi inakuwa kama mlevi. Ukiinyima inalia, ukiipa inakufa. "Lakini hiyo siyo inayonitisha," akasema. "Rangi hii ya kijivu nahisi ni zebaki." Akanipa kichupa nikalete mkojo. Akauchemsha juu ya moto wa spiriti mbele yangu. Mama, uliganda mweupe kama ute wa yai.

Akasema figo zangu zimeanza kuvuja. Akauliza, "Nani mwingine anatumia mkebe huu?"

Nikasema ulikuwa wa marehemu dada yangu.

Aliufunga mkebe. Kisha akauliza alikufa na nini. Nikamwambia tulivyoona sisi: miguu ilivimba kwanza, kisha uso asubuhi, kisha tumbo, na wengine walisema ni moyo na wengine walisema ni jicho la watu. Akauliza alipaka miaka mingapi. Nikasema tangu kabla ya harusi.

Akaandika, akaandika, kisha akaweka kalamu. "Mtu ambaye sikumpima siwezi kumsemea. Nitapeleka haya mafuta Nairobi yapimwe. Lakini wewe uache leo. Si kupunguza, uache." Akaniambia ukweli kwamba uso utaharibika zaidi miezi kadhaa kabla ya kupona, utavimba, utatoa maji, na nitatamani kurudia. Amenipa vidonge nimeze tumbo likiwa tupu, bila maziwa, na dawa ya maji ya rangi ya waridi ya kupoza ngozi. Niogee sabuni ya kawaida tu, nikae kivulini, nirudi apime mkojo.

Mama, dada hakunidai uso. Hakuwa ananisumbua. Na kama daktari anasema kweli, hakuna aliyemwona akifa polepole, sote tulikuwa tunamsifu.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Jedidah


Bomeni, Taveta
28 Novemba 1976

Kwa Mama,

Sijapata jibu lako. Nimeuliza posta kila siku ya soko. Kama mna ugonjwa huko, mwambieni katekista aniandikie.

Uso wangu sasa sitaki kuueleza. Macho yalikuwa yamefumba wiki nzima. Wakesho analala kwa Mama Wambua kwa sababu akiniona analia.

Nilimweleza shemeji yote, neno kwa neno, vile daktari alivyosema. Alisikiliza vizuri. Aliniuliza hata zebaki ni kitu gani. Nikadhani amenielewa.

Jana alasiri alirudi kutoka Holili. Aliweka mkebe mpya mezani mbele yangu, polepole, kama mtu anayeweka yai. Akasema, "Paka kidogo tu. Kesho ni Jumapili, twende kanisani."

Nikasema, "Shemeji, hiki ndicho kilichomuua."

"Nimekusikia uliposema."

"Basi?"

Akatazama picha, si mimi. "Nikuone tena kama zamani. Siku moja tu, Jedidah."

Nikamwambia, "Zamani ipi? Mimi zamani sikuwa hapa."

Akalia, Mama. Mtu mzima, na sare ya reli. Si mtu mbaya, na nilimwonea huruma, na nikajua nikikaa usiku mwingine mmoja katika nyumba ile nitaufungua ule mkebe. Si kwa ajili yake. Kwa sababu uso ulikuwa unawaka, na kwa sababu mtoto aliwahi kunishika mashavu.

Naondoka na gari-moshi la leo kwenda Voi, kwa Baba Mdogo Gibson. Mtoto ni wa baba yake, sikuweza kumchukua. Alikuwa akicheza na mawe kwa jirani nilipomuaga. Hakuinua kichwa.

Mwambie mchungaji hakuna harusi.

Mwanao,
Jedidah


Mbololo
16 Januari 1977

Mwanangu Jedidah,

Hatukuwa wagonjwa. Barua yako niliisoma, nikaiweka ndani ya Biblia, nikashindwa kuifungua hiyo Biblia hata kanisani. Kalamu nilikuwa naishika, halafu nakumbuka nilivyokuandikia "paka", naiweka chini.

Baba yako alisoma mwenyewe. Alichukua jembe akaenda kupalilia kaburi, na palizi haikuwa inahitajika.

Mchungaji nimemwambia. Wazee nimewaambia mimi mwenyewe, na aliyekasirika nilimwonyesha mlango.

Gibson ametuma salamu kwamba unajifunza cherehani na unahudhuria hospitali hapo Voi. Usije nyumbani kwanza, watu wa huku wana macho makali. Mimi nitashuka kukuona. Sitaongea sana nikifika, nivumilie.

Ndoto bado. Bado hageuki.

Mama yako


Mbololo
13 Aprili 1977

Mwanangu,

Salamu za Pasaka. Nilifurahi kukuona mwezi uliopita, na kusikia mkojo umekuwa safi nililala vizuri siku hiyo. Hayo makovu yasikuume. Daktari alishasema yatafifia, na yasipofifia ni yako. Hata hayo majibu ya Nairobi, kwamba kweli ni zebaki, ni heri tumejua.

Nakuandikia haraka kwa sababu ya jambo lililotokea Jumatatu ya Pasaka.

Danson alileta Wakesho kutusalimu. Nilikuwa jikoni, moshi umejaa. Nikasikia hodi. Nikageuka, mlangoni kulikuwa na mwanamke amesimama, mwanga uko nyuma yake. Jedidah, alikuwa na gauni ya kijani. Uso ulikuwa ule. Mwiko ulianguka, na mdomo wangu ukaita wenyewe: "Priscilla!"

Akaitika. "Abee, mama."

Nilishika nguzo. Akaingia, akaja kunishika mkono, ndipo nikaona ni msichana tu, labda miaka kumi na minane, macho ya woga. Nikamuuliza, "Kwani wewe pia ni Priscilla?"

"Hapana, mama. Mimi ni Ndunge, wa kwa Kituku, tunalima pale Taveta. Lakini nyumbani Baba Wakesho ananiita hivyo, nimezoea."

Nilimkalisha karibu na moto nikamwambia yote. Alisikiliza kwa adabu, akasema ndiyo mama, ndiyo mama. Danson alipoita alisimama upesi. Mimi ni mama wa marehemu. Kwake nilikuwa mwanamke anayelinda nafasi ya binti yake. Hakuniamini. Na kidevuni, chini ya poda, nimeona chunusi zimeanza.

Wewe atakuamini. Nenda.

Mama yako


Voi
15 Mei 1977

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo, na umsalimie Baba. Nimerudi jana. Baba Mdogo na wa kwake hawajambo.

Nilifika Bomeni shemeji akiwa kazini. Ndunge alifungua mlango, na ingawa ulikuwa umeniambia, nilirudi nyuma hatua. Nikaelewa yule muuza ndizi. Tulisimama hivyo, Mama, yeye na uso niliouacha pale, mimi na huu.

Akasema, "Wewe ndiye Jedidah. Ananiambia ulikuwa mvivu wa kujitunza."

Nikavua leso. Nikamwacha atazame. Nikamshika mkono nikampitisha vidole juu ya makovu yangu. Nikamwambia zangu zilianza hapo hapo kidevuni zilipoanza zake. Hakusema ndiyo dada. Alikaa chini kwenye kizingiti.

Baadaye akauliza kitu kimoja tu: "Nikiacha, atanitazama tena?"

Ningeweza kumdanganya. Nikasema, "Hapana. Mimi hakunitazama tena."

Wakesho akatoka ndani, amekuwa mrefu. Akanitazama, akamtazama Ndunge, akanitazama tena. Nilijikaza, nikingoja alie. Akasema, "Jedi." Ndilo jina alilonipa, sijui tangu lini. Akaja akakaa mapajani mwangu kama mtu aliyekuwa ananingoja.

Nilimwambia Ndunge nitakuwa zahanati asubuhi kwa daktari Crispus, aje akitaka. Nilikaa kwenye benchi mpaka watu wakaisha, nikafunga leso niondoke. Ndipo alipokuja, amejitanda kanga, mkebe ameushika ndani yake. Mkojo wake uliganda pia, lakini kidogo. Daktari anasema amewahi. Amerudi kwa mama yake, na sijui kama atakaa huko. Ukiungua uso, miguu inajua njia ya mkebe. Nimemwambia aje Voi kwangu siku mbaya zikianza.

Tukitoka aliniuliza, "Huyo dada yenu, kabla ya mafuta, alikuwa anafananaje?"

Mama, nilifungua mdomo nikakosa. Nilijaribu njiani kwenye gari-moshi, nikajaribu usiku. Kila nikimtafuta naona ule uso wa kupakwa, ule tuliouvaa sisi sote. Nilikuwa mdogo. Wa kwake mwenyewe sina.

Wewe unaukumbuka? Niandikie.

Mwanao,
Jedidah


Mbololo
29 Mei 1977

Mwanangu,

Naukumbuka.

Alikuwa mweusi. Mweusi wa udongo wa bondeni ukishalowa. Mashavu mapana, ya nyanya yako mzaa baba. Akicheka jicho la kushoto lilikuwa linafumba kabla ya la kulia. Alipokuwa na miaka kumi na sita chunusi zilimtoka kipajini, za ujana tu, za kila mtu. Wavulana wa shule wakamwita jina baya. Alinililia nimtafutie dawa, nikacheka, nikamwambia zitaisha zenyewe. Zingeisha. Hakungoja. Alipata mafuta yake ya kwanza kwa msichana mwenzake, na alipoanza kung'aa sote tulinyamaza kwa sababu alikuwa mzuri.

Siku ile nilipokusindikiza barabarani ukienda Taveta, ulipanda gari, ukageuka kunipungia mkono. Nilikaa chini kwenye majani. Wewe ulidhani ninalia kwa sababu unaondoka. Ulikuwa hujapaka kitu, umeoga tu maji ya asubuhi, na aliyekuwa ananipungia mkono dirishani alikuwa yeye.

Mama yenu